Mitandao ya RNA katika saratani ya tumbo: je, inatabiri zaidi ya tunachokijua tayari?

Wagonjwa wawili wenye saratani ya tumbo ya hatua ya tatu wanaweza kufanyiwa upasuaji uleule na kupewa dawa zilezile, kisha mmoja akaishi miaka mingi huku mwenzake ugonjwa ukimrudia mapema. Mfumo wa TNM hupima kina cha uvimbe, tezi za limfu zilizoshambuliwa na kama saratani imesambaa mbali. Tofauti kati ya wawili hawa wa hatua moja hauioni. Kwa ugonjwa ulioua watu wapatao 660,000 duniani mwaka 2022, pengo hilo ni kubwa.

Ndipo zinapoingia RNA (molekuli ambazo seli hunakili kutoka DNA) zisizotengeneza protini. MaikroRNA, yenye herufi, yaani viungo vya mnyororo wake, takribani 22 tu, hujibandika kwenye RNA inayobeba maelekezo ya protini na kuizima. Tangu mwaka 2011 imependekezwa kwamba RNA nyingine, ndefu au za duara, huzinyonya maikroRNA hizo kama sponji, na jeni zilizokuwa zimezimwa zikaamka. Ukiunganisha mahusiano hayo unapata mtandao, na kutoka humo watafiti huchagua RNA chache za kukadiria nani yuko hatarini zaidi.

Wanaoutetea mkondo huu wana hoja za kweli. RNA za duara hazina ncha, hivyo vimeng'enya vinavyokula RNA kuanzia ncha havizipati kirahisi. MaikroRNA nazo hudumu vizuri kwenye damu. Kipimo cha damu kinachoweza kurudiwa baada ya upasuaji kingekuwa msaada mkubwa.

Mashaka yangu yako kwenye ushahidi. Tafiti nyingi huchota data kutoka hazina ileile ya Marekani ya data za jeni za saratani, TCGA, zikapata kila moja orodha yake ya RNA, na orodha hizo mara nyingi hazifanani. Ukiwa na maelfu ya RNA na wagonjwa mia chache, hukosi kupata zinazoonekana kutabiri vifo. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2011 kuhusu saratani ya matiti ulionyesha kwamba hata orodha nyingi za jeni zilizookotwa ovyo zilihusiana na muda wa kuishi wa wagonjwa. Onyo hilo linaihusu saratani ya tumbo moja kwa moja.

Lipo pia suala la wingi. Majaribio ya mwaka 2014 kwenye seli za ini yalionyesha kwamba RNA moja hulazimika kuongezeka mno kabla haijapunguza kazi ya maikroRNA. Kwa hiyo mistari mingi kwenye michoro ya mitandao ni makisio ya kompyuta, hata pale RNA yenyewe inapoenda sambamba na ugonjwa.

Hata hivyo sioni sababu ya kuutupa mkondo wote. Kiashiria chaweza kutabiri vizuri hata kama maelezo ya utendaji wake si sahihi. Kinachokosekana ni orodha iliyofungwa kabla ya utafiti kuanza, yenye kiwango cha hatari kilichowekwa mapema, ipimwe kwa wagonjwa wapya wa hospitali mbalimbali, na ilinganishwe na TNM pamoja na umri. Isipoongeza chochote juu ya hivyo viwili, haina sababu ya kubadili matibabu ya mtu.