Siku Winchi Iliponivuta Mimi

Shemeji yangu alipofunga winchi mpya kwenye bampa, ile mashine ya kuvutia gari lililokwama kwa waya, ikabaki shida moja tu: gari lake lilikuwa halikwami. Kila tukitoka, yeye macho pembeni ya barabara akitafuta tope, na kila tope alilolikuta limeshakauka. Mtu mwenye winchi ya kuvuta kilo 4,300 isiyo na cha kuvuta hapati usingizi.

Gari lenyewe kalivalisha kila kitu. Kalinyanyua sentimeta 5 kwa springi na shokapu mpya, matairi yana meno ya kutisha, snokeli, bomba la kuvutia hewa ya injini, imepanda hadi usawa wa paa, na juu ya kioo kuna taa ndefu ya kuwikisha majogoo saa nane za usiku. Dada yangu, ambaye ndiye mke wake, hupandia kigoda. Langu ni dogo, lina four-wheel ya kawaida na matairi ya kawaida. Shemeji huliita "kibaskeli".

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha vya kutosha. Tukafika bondeni, penye tope la uhakika. Njia nyingine ilizunguka pembeni, kavu kabisa, nami nikapita huko. Shemeji aliitazama kwa dharau, akakata usukani. Gari likaingia, likasogea kidogo, likakaa. Akakanyaga mafuta. Matairi yakazunguka palepale, tope likaruka hadi kwenye snokeli, gari likashuka taratibu mpaka difu ikalala chini. Nilidhani nitamkuta kanuna. Nikamkuta meno yote nje.

"Shemeji, lete kibaskeli! Leo utaona kazi."

Mti wa kufungia waya haukuwepo. Nyasi tu pande zote. Kwa hiyo mti nikawa mimi. Nikaegesha upande wa pili wa tope tukitazamana, nikatia gia, nikavuta hendibreki mpaka mwisho. Akafunga ndoano kwenye pete ya kuvutia ya gari langu, akatupia koti zito juu ya waya. Hapo nampa heko, maana waya wa chuma ukikatika umekazwa unachapa kama mjeledi. Kisha akasimama kando na rimoti.

Waya ukakaza. Winchi ikanguruma. Gari likaanza kusogea.

Langu.

Hendibreki ilifanya kazi yake yote, magurudumu ya nyuma hayakuzunguka hata robo. Ila nyasi zilizolowa hazijali habari za breki. Nikateleza kuelekea topeni, miguu yote miwili juu ya breki, mkono kwenye honi. Shemeji macho yake yalikuwa kwenye ngoma ya winchi, akifurahia waya unavyojipanga.

"Inakuja! Inakuja!"

Ilikuwa inakuja kweli.

Dada akachungulia dirishani, kashika kijitabu. "Baba watoto, hapa wameandika unachofungia kiwe imara kuliko gari lililokwama."

"Mwambie kaka yako akaze breki!"

Bampa zetu zilipobakiza kama hatua moja, na matairi yangu ya mbele yamezama nusu, winchi ikapunguza mlio, ikakoroma, ikanyamaza. Taa nayo, ambayo sijui mchana ule ilikuwa inammulika nani, ikafifia ikazimika.

"Wameandika injini iwe inawaka," dada akaendelea. "Winchi ikivuta kwa nguvu zote inanyonya zaidi ya ampea 400." Shemeji alikuwa ameizima injini ili asikie winchi vizuri. "Halafu hizo kilo 4,300 ni waya ukiwa mzunguko wa kwanza kwenye ngoma. Kila ukijirundika, nguvu inapungua."

"Nani kakupa hicho kitabu?"

"Kilikuwa kwenye boksi. Nailoni yake nimeichana sasa hivi."

Akashuka. Kwa mara ya kwanza tangu gari linyanyuliwe, hakuhitaji kigoda.

Bahati yetu ni kwamba magari yalikuwa pua kwa pua, waya za kubustia zikafika bila taabu. Mimi nikabaki kwenye usukani nikipandisha moto, betri yake ipate chaji. Dada akapunguza upepo wa matairi kutoka 35 hadi 18, akampa mumewe koleo. Mimi naamini koleo na geji ya upepo vimetoa watu wengi topeni kuliko winchi, ila havipendezi pichani. Shemeji alichimba kimya kimya, jambo ambalo sijawahi kuliona tena.

Dada akaketi kwenye usukani, akaweka four-wheel ya chini, ile gia nzito ya mwendo mdogo, akarudi nyuma polepole kwenye alama zilezile za matairi, mafuta kidogo tu. Gari likajinyanyua, likatoka. Waya za kubustia tulikuwa tumezitoa. Waya wa winchi hakuna aliyeukumbuka.

Nilishtukia kichwa kimerudi nyuma na tope lote linanijia. Nikaachia hendibreki, nikatia gia ya kwanza, maana ukishavutwa heri uende. Nilipiga honi, lakini topeni dereva mwenye akili hasimami, na dada ana akili. Alisimama kwenye ardhi ngumu, huko tulikotoka, nami nyuma ya waya, vioo vimefunikwa tope, sioni mbele wala nyuma.

Nilipofungua mlango, shemeji alikuwa amepiga goti akipiga picha. Waya umekazwa, winchi inang'aa, kibaskeli kimejaa tope mpaka paa. Jioni marafiki wote walikuwa wameshaipata, na maneno chini yake: "Leo nimemuokoa shemeji."