Aliyekata Jana Anamgombeza Anayekata Leo

Jamani, Mwingereza ana haraka gani na maneno yake? Analo neno refu, zuri, kalikopa kwa watu, halafu analikata. Na mwenzake akikata, presha inampanda yeye!

Chukua basi hili tunalolipanda. Kilatini kilisema "omnibus", yaani kwa ajili ya wote. Mwingereza akaitupa "omni" yenye maana, akabakiza "bus", kipande cha mwisho ambacho peke yake hakina maana yoyote. Katupa nyama, kakumbatia mfupa. Nasi tukaupokea, tukaubandika irabu, na kila asubuhi tunakanyagana miguu ndani ya mnyambuliko wa Kilatini.

Ukataji wenyewe hauna adabu. "Public house" ilikatwa mkia ikawa "pub". "Telephone" ilikatwa kichwa. "Influenza" ilikatwa huku na huku ikabaki "flu". Zamani angalau walikuwa na haya, wakiandika 'phone na 'flu, na kale ka-alama ka juu kakikiri kwamba hapa pamekatwa. Siku hizi nako kametupwa. "Refrigerator" ndiyo kabisa: ukibakiza "frig" watu watasoma "g" ya gari, kwa hiyo ikabidi waongeze "d" katikati na "e" mwishoni, ndipo ikawa "fridge". Sasa unakata ili uongeze, si ungeacha tu?

Waaustralia msiniulize. Wao hukata neno, kisha wanalipachika "o" au "ie". Kituo cha mafuta, "service station", ni "servo". Hapo sawa, wameokoa kitu. "Afternoon" ni "arvo": silabi tatu zimekuwa mbili, na hiyo "v" sijui imepandia wapi. Lakini "breakfast" ina silabi mbili. "Brekkie" nayo silabi mbili. Hesabu mwenyewe. Faida iko wapi?

Sasa mtoto aseme "rizz", kipande cha katikati cha "charisma", yaani mvuto wa mtu, ambacho wachapishaji wa kamusi ya Oxford walikitangaza neno la mwaka 2023. Weee! Mzee anawaka: lugha imekufa, simu zimeharibu watoto. Anayasema hayo kwa "phone", anasubiri "bus", na ana "flu".

Ugomvi huu si wa leo. Mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift aliandika gazetini London akilalamikia "mob", yaani kundi la watu wenye fujo, lililokatwa kutoka Kilatini "mobile vulgus", pamoja na "rep" (reputation), "pozz" (positive) na "incog" (incognito). "Pozz" lilijifia. "Mob" leo ni Kiingereza safi, hata mwalimu mkali halipigii mstari mwekundu. Na "rep" bado vijana wanalo, kwa maana ileile ya sifa ya mtu.

Na hiyo "OMG", yaani "Oh my God", mnayowasingizia mabinti wa sekondari? Iko kwenye barua ya mwaka 1917 ambayo Lord Fisher, admeri mstaafu wa miaka 76, alimwandikia Winston Churchill. Alishika kalamu, hakushika simu.

Tena msinisahaulishe "OK". Lilichapwa Boston tarehe 23 Machi 1839, enzi ambazo magazeti yalikuwa yakitania kwa kukosea tahajia makusudi: "all correct" ikageuzwa "oll korrect", zikachukuliwa herufi mbili za mwanzo. Herufi mbili tu, na zote mbili makosa! Haya, wenye lugha safi, lipigeni marufuku na hilo, tuone mtakubaliana kwa neno gani.