Magazeti ya Uingereza yalihesabu pauni, sisi wa Kusini tuliondokewa na reli

Huku Uingereza, mzee akisikia nimetokea Nachingwea, kusini mwa Tanzania, mara nyingi anachokumbuka ni karanga. Kwao ule mpango wa serikali yao wa kulima karanga Tanganyika ni kodi iliyotupwa porini, basi.

Maktaba ya mtaani kwangu inaniruhusu kusoma magazeti ya enzi hizo bure, nami nimeyasoma sana. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, mafuta ya kula bado ya mgawo, serikali ya Labour ikaamua yatoke kwenye karanga za Tanganyika: Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea, mamilioni ya ekari. Hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Kongwa mvua haikutosha, udongo ukakauka kama saruji. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, pauni milioni 36 hivi zimeteketea, na aliyekuwa waziri wa chakula, John Strachey, akasakamwa vilivyo.

Walikuwa na haki ya kukasirika, fedha zilikuwa zao. Ila katika niliyoyasoma, mkulima wa Nachingwea karibu hayumo. Aliyehamishwa, aliyeajiriwa kung'oa visiki kisha akaachishwa, huyo hasara yake haikuhesabiwa na mtu.

Na reli je? Ilianzia Mkwaya, Lindi, baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, yenye gati la kina kirefu ambalo meli zinalitumia mpaka leo. Karanga za kuijaza treni hazikupatikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Hili ndilo linaloniuma. Korosho zetu leo zinakwenda bandarini kwa malori, na gharama hiyo anaibeba mkulima.

Hapa ninapoishi ipo njia ya treni iliyofungwa miaka hiyohiyo ya 1960. Halmashauri imeifanya njia ya waenda kwa miguu, imeweka mabango yenye picha za stesheni, na wenyeji bado wanailalamikia kwa sauti. Kwetu, usipompata mzee wa kukuonyesha tuta lilipopita, unapita juu yake bila kujua.

Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1949 sasa amevuka 90. Ndugu zangu wa Mtwara, Lindi, Masasi na Nachingwea, mwenye babu aliyefanya kazi kwenye karanga au kwenye reli, mkalie karibu wiki hii na simu yako, umrekodi. Muulize alilipwa nini, alilala wapi, na siku vyuma vinang'olewa walisema nini.