Waya Umepita Juu ya Boma Letu, Stima Haijashuka

Nimekaa kaskazini mwa Ujerumani miaka tisa sasa, upande wa Nordfriesland karibu na bahari, na huku ukishuka tu kwa treni kitu cha kwanza unaona ni mitambo ya upepo, kila shamba, mpaka macho yachoke. Watu waliniuliza mwanzo kama nashangaa nikawaambia hapana, kwetu pia iko. Hawakuamini. Kwetu ni Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kwenye ule mkondo ulio kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, unapopita uende Loiyangalani kwa ziwa Turkana, jangwa la Chalbi likiwa upande wa juu. Huo upepo wetu kama hujawahi kuukuta siwezi kukueleza ukaelewa, tukiwa watoto tulichunga mbuzi tumeinama, mama zetu wakiweka mawe juu ya nyumba na kuzifunga kamba ndio zisiende. Tuliuona kama shida tu. Hakuna mtu alijua siku moja watakuja kuupima na kusema ni kati ya upepo bora zaidi duniani kwa kazi ya kuzalisha stima.

Sasa nimeishi na hiyo mitambo pande zote mbili, na kuna jambo linaniuma na nataka kulisema lote.

Jirani yangu hapa ni mzee mkulima, amepita miaka sabini. Yeye na wanakijiji wenzake walichanga pesa, wengine wakakopa benki, wakasimamisha mitambo yao wenyewe, wanaita Bürgerwindpark, yaani shamba la upepo la wananchi, na kila mwaka anapata gawio lake. Nilimuuliza kama ile kelele haimsumbui usiku akasema mtambo ukiwa wako unaulala vizuri tu. Halafu hata wale ambao hawana hisa hawaachwi hivihivi, kuna sheria inayosema kampuni yenye mitambo inafaa itoe mpaka senti 0.2 ya euro kwa kila kilowati-saa kwa vijiji na miji iliyo ndani ya kilomita 2.5 ya mitambo. Unaweza kuona ni pesa kidogo. Lakini ukizidisha inakuwa barabara, inakuwa chekechea, inakuwa gari la zimamoto.

Turudi kwetu. Mitambo yetu, ule mradi wa Lake Turkana Wind Power, ni 365, jumla megawati 310, ni mradi mkubwa kuliko yote ya upepo Kenya na kwa muda ulikuwa mkubwa kuliko yote Afrika. Mitambo ilikamilika 2017 ikasimama bure kwa sababu laini ya kupeleka stima haikuwa imeisha, ikabidi wenye mitambo walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi kwa stima ambayo haikufika kwa mtu yeyote, na ile fidia ililipwa na nani kama si wewe unayenunua tokeni za stima. Laini ikaisha 2018, zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani mpaka Suswa, kule Narok. Kilomita mia nne! Imevuka milima, imevuka jangwa, imepita juu ya boma, juu ya visima, juu ya shule zenye paa la bati na taa hakuna. Mama yangu anaiona ile nguzo akiwa mlangoni. Simu yake anaenda kuchajisha sokoni kwa pesa.

Najua kuna mtu atasema huwezi kuchomoa stima kwa ule waya mkubwa ukaingiza kwa nyumba, na ni kweli. Ile laini inabeba volti laki nne. Stima husafirishwa kwa nguvu hiyo kwa sababu volti ikiwa juu mkondo unakuwa mdogo na joto linalopotea njiani linapungua, ndio maana jangwa linaweza kuuzia mji ulio mbali. Kuishusha unahitaji kituo chenye transfoma kubwa, halafu laini ndogo za volti elfu 33 au elfu 11, halafu transfoma za mtaani, na hicho kituo ni pesa nyingi kwa kijiji cha watu mia tano. Nimeyasoma hayo yote, nimeelewa. Ila na mimi nauliza, wakati mnachora ramani ya kilomita mia nne na mnatafuta mkopo wa mamilioni ya euro, kituo kimoja cha kushushia kingeongeza asilimia ngapi kwa hiyo hesabu? Na kama kituo ni ghali, si mngeweka sola na betri kwa kila kijiji kilicho chini ya waya, hiyo haihitaji hata kugusa laini.

Kuna kitu kingine ambacho nikikumbuka usingizi unakata. Upepo wa kule kwetu unavuma sana usiku mpaka alfajiri, na saa hizo nchi imelala, viwanda vingi vimefungwa, matumizi yako chini. Stima ya mvuke wa ardhini wa Olkaria, kule Naivasha, nayo inataka kuingia kwa gridi, yaani mtandao wa stima wa taifa, na haiwezi kuzimwa na kuwashwa hivihivi. Kwa hiyo usiku mitambo ya upepo inaambiwa ipunguze. Yaani stima inakataliwa kwa kukosa mtu wa kuitumia, usiku ule ule ambao dispensari iliyo karibu inazalisha mama kwa tochi. Sitii chumvi, mdogo wangu alizaliwa hivyo na watoto bado wanazaliwa hivyo.

Nikifika hapo ndio nakumbuka Desertec. Kwa wasiojua, hilo ni wazo la hapa Ujerumani, kulikuwa na mwanafizikia anaitwa Gerhard Knies ambaye baada ya ajali ya Chernobyl ya 1986 alianza kupiga hesabu, akapata kwamba majangwa ya dunia yanapokea nishati ya jua kwa saa chache tu inayozidi ile binadamu wote wanatumia mwaka mzima. Saa sita, walisema. 2009 kampuni kubwa zikaungana, mpango ukiwa wa karibu euro bilioni 400, Sahara itoe asilimia 15 ya stima ya Ulaya ifikapo 2050, waya zipite chini ya Mediterania. Haikuenda. Kukawa na mapinduzi Kaskazini mwa Afrika 2011, bei ya paneli za sola ikaanguka mpaka Ulaya wakaona afadhali waweke kwa paa zao, 2012 kampuni kubwa zikajitoa. Lakini kulikuwa na swali lingine ambalo watu wa kule waliuliza tangu mwanzo na halikujibiwa vizuri: sisi tutapata nini? Mtachukua jua letu kama mlivyochukua vingine?

Mimi sipingi jangwa kuuza stima. Napenda sana, hata nikiona ramani ya laini mpya nafurahi kama mtoto. Ile laini ya Ethiopia mpaka Suswa, zaidi ya kilomita elfu moja, iliyoanza kazi 2022, hiyo ni akili. Wao wana mabwawa, sisi tuna mvuke na upepo na jua, Tanzania sasa wameungwa na sisi kupitia mpaka wa Namanga, siku mvua ikikosa kwa mmoja mwingine anamsaidia. Upepo wetu wa usiku ungeweza kuwasha kitu Arusha au Kampala badala ya kukataliwa. Lakini hata hiyo laini ya Ethiopia imepita Marsabit, na hiyo ni ya mkondo wa moja kwa moja, ambayo kuishusha katikati ni kazi ngumu zaidi. Kwa hiyo sasa tuna mbili. Mbili juu ya vichwa.

Morocco ndio walinifungua macho. Watu wakizungumza juu ya Morocco wanataja tu ule mradi wa Ouarzazate, unaitwa Noor, megawati 580, vioo vimepangwa jangwani vikifuata jua, joto linahifadhiwa kwa chumvi iliyoyeyushwa ndio stima iendelee jua likishazama. Mzuri sana, una kasoro zake pia, vioo vinataka kuoshwa na maji huko ni ya kugombania. Lakini watu hawasemi kilichotangulia. Mwaka 1995 vijijini Morocco waliokuwa na stima walikuwa kama asilimia 18. 1996 wakaanza mpango wa kuunganisha vijiji, mahali gridi haifiki wakaweka sola, na wakati Noor ya kwanza inafunguliwa 2016 vijiji karibu vyote vilikuwa na taa, asilimia 99 hivi. Waya za kwenda Spain walikuwa nazo tangu 1997, na miaka mingi stima ilikuwa inatoka Spain kuja kwao, hawakuona aibu kununua. Sasa hao wakisema wanataka kuuza jua lao Ulaya, mwanakijiji aliye karibu na vioo anaweza kubisha kuhusu maji au kazi, lakini hawezi kusema anauziwa jua lake juu ya kichwa akiwa gizani. Mpangilio huo ndio nataka kwetu na siombi kingine.

Na ardhi pia, siwezi kuiruka. Mradi wetu ulipewa ekari laki moja na nusu, wakati mitambo yenyewe imekalia sehemu ndogo sana ya hiyo. Jamii ikaenda kortini, na 2021 korti ya ardhi ya Meru ikaamua hati zilitolewa bila kufuata utaratibu, wakapewa mwaka mmoja kurekebisha. Wengine mjini waliona sisi tunapinga maendeleo. Huku Ujerumani nimeona watu wakipinga nguzo, sio mitambo, nguzo tu, laini inayotoa upepo wa kaskazini kuupeleka viwandani kusini, walibisha mpaka serikali ikabadilisha sheria na waya ukaenda kuzikwa chini ya ardhi karibu kilomita 700 kwa gharama kubwa zaidi. Hakuna aliyewaita washamba. Wanaitwa wananchi waliotoa maoni.

Tufanye hesabu kidogo ya ile sheria ya senti 0.2. Tuseme mitambo yetu inatoa kilowati-saa bilioni moja na nusu kwa mwaka, hiyo ni euro milioni 3, zaidi ya shilingi milioni 400, kila mwaka. Kwa Loiyangalani, Sirima, South Horr na zile boma zote za pale. Bei ya stima Nairobi ingepanda kwa sehemu ya shilingi ambayo hata hutaiona kwa tokeni. Na sio kitu kigeni kwetu, Sheria ya Nishati ya 2019 imeshasema mrabaha wa mvuke wa ardhini, yaani malipo ya kuutumia, kaunti ipate asilimia 20 na jamii ya pale asilimia 5. Mvuke una mgao. Upepo na jua havina. Kwa nini? Wabunge wetu wa kaskazini wangebeba hiyo hoja moja tu, vifungu viwili vitatu viongezwe, mimi ningerudi nyumbani kuwapigia kampeni kwa miguu.

Nalipa stima ghali huku, karibu senti 40 kwa kilowati-saa, na silalamiki sana kwa sababu naona inakoenda. Wiki iliyopita nilimpigia mama nikamweleza habari za mzee jirani na gawio lake. Akaniuliza, huyo mzee ana mitambo mingapi? Nikasema yake peke yake hakuna, ni ya kijiji chote, iko kumi na kitu. Akasema kwetu iko mia tatu na zaidi. Akataka kuendelea lakini chaji ikaisha, na sokoni ni mpaka Alhamisi. Nimemwagizia paneli ya wati 100 na betri, itafika na lori la Maralal mwisho wa mwezi.