Anwani ya shule iwe ya shule

Shule za huku Lamu zikikaa kuchagua mfumo wa mawasiliano, swali la kwanza huwa ni bei: kwa nini tulipie barua pepe, na WhatsApp ni bure na kila mtu anayo? Ni swali la haki.

WhatsApp ina nguvu ambayo barua pepe haina. Mzazi asiyejua kusoma husikiliza sauti ya mwalimu kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, akaelewa. Kundi moja hubeba hadi watu 1,024, na shule nyingi za visiwani hazifikishi wazazi hao. Tangazo hufika Kizingitini, kisiwani Pate, papo hapo, bila kungoja maji yajae boti ipite mlango mwembamba wa bahari wa Mkanda. Anayetaka tuiache kabisa hajawafikiria wazazi wetu.

Lakini kundi lenyewe ni la nani? Mara nyingi limefunguliwa kwa namba ya mwalimu mmoja. TSC, tume ya kuajiri walimu, ikimhamisha, anaondoka na simu yake, na ndani yake mna miaka ya makubaliano na wazazi kuhusu karo, ruhusa na nidhamu. Barua pepe nayo haisalimiki, ikiwa shule inatumia Gmail ya kibinafsi ya mwalimu mkuu. Mkuu mpya anaripoti kazini, barua za KNEC, baraza la mitihani, zinaendelea kuingia, yeye hana nywila, na namba ya uthibitisho inatumwa kwa simu ya yule aliyehama. Kwangu hili ndilo tatizo lenyewe. Bei inafuata nyuma.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Sasa fikiria alama za darasa zima zikimwagwa kwenye kundi, mtoto aliyeshika mkia akisomwa na mtaa mzima.

Google na Microsoft zote hutoa barua pepe bure kwa shule zilizosajiliwa. Shule inahitaji anwani yake ya intaneti, kwa mfano inayoishia na .sc.ke, na ada yake ni ndogo kwa mwaka. Wapinzani husema cha bure kina mwenyewe, na wana hoja: Google iliwahi kuzipa shule nafasi ya kuhifadhi data isiyo na kikomo, kisha mwaka 2022 ikaweka mpaka wa terabaiti 100 kwa taasisi. Kwa shule ya wanafunzi mia nne nafasi hiyo bado ni kubwa mno, ila masharti yalibadilika na shule hazikuwa na la kusema.

Wengine hupendelea barua pepe iwekwe kwenye seva (kompyuta ya kuhudumia mtandao) ya bei nafuu ya fundi wa tovuti. Mimi siipendekezi. Tangu Februari 2024 Gmail imekaza masharti ya kuthibitisha mtumaji, na fundi asipoweka ipasavyo rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa shule, barua za shule huishia kwenye taka au hurudishwa.

Ningechagua barua pepe ya bure kwa shughuli za ofisi, anwani zikiitwa kwa cheo, mkuu@ na karo@, kamwe si kwa jina la mtu. WhatsApp ibaki ya mazungumzo. Matangazo ya lazima, kama kufunga shule, yaende kwa SMS: ni herufi 160 na kila moja ina gharama, lakini inaingia kwenye kabambe, simu ndogo ya kawaida, isiyo na bando. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na intaneti ikazorota, SMS za humu nchini hazikuzihitaji nyaya hizo.

Na anwani ya intaneti isajiliwe kwa jina la shule, si la fundi. Nywila kuu iwe kwa watu wawili, na siku ya makabidhiano iandikwe kwenye orodha pamoja na muhuri na funguo za stoo, mbele ya mwenyekiti wa bodi.