Baiskeli ya kwanza ya maana: tazama mwili wako, kisha tairi

Mtu akiamua kununua baiskeli ya maana, ya kwendea kazini siku za wiki na ya kutokea safari ndefu siku za mapumziko, kwanza huuliza uzito, kisha idadi ya gia. Kwangu hayo ni maswali ya mwisho. Baiskeli ya kazi hizi mbili unaipima kwa vitu viwili: fremu iwe saizi yako, na iwe na nafasi ya tairi pana.

Urefu wa kiti unarekebishwa kwa dakika chache tu. Panda ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Ukirudi kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo linapotakiwa kuwa. Kiti kikiwa chini mno, maumivu huanzia mbele ya goti.

Kigumu kurekebisha ni umbali wa kutoka kwenye kiti hadi kwenye usukani. Fundi anaweza kukufungia shingo ya usukani iliyo fupi kwa sentimita moja au mbili, lakini zaidi ya hapo baiskeli inabadilika inavyokata kona. Fremu iliyo ndefu kwako itakulaza mbele, uzito uangukie viganja, na baada ya saa mbili vidole viwe na ganzi. Safari fupi ya kazini haitakuonyesha kasoro hiyo, ndiyo maana wengi huigundua pesa ikiwa imeshatoka. Muuzaji akikuambia utaizoea, usimsikilize. Mikono haizoei. Ukijikuta katikati ya saizi mbili, mimi nachagua ndogo, kwa sababu kuirefusha ni rahisi kuliko kuifupisha ile kubwa.

Tena, namba ya saizi iliyobandikwa kwenye fremu haitoshi. Kila kampuni ina kipimo chake, na 54 ya hapa si lazima iwe sawa na 54 ya pale. Tafuta jedwali la vipimo la mtengenezaji, uangalie vipimo viwili vinavyoanzia katikati ya ekseli inayozungusha mikono ya pedeli, chini ya fremu, hadi juu ya bomba linaloshika usukani: kimoja cha wima, kimoja cha mlalo. Hivyo ndivyo vinavyolinganishika kati ya kampuni na kampuni.

Sasa tairi, ambazo naziona hazipewi heshima yake. Kwa miaka mingi waendesha baiskeli za mashindano walitumia tairi za milimita 23 zilizojazwa upepo hadi zikawa kama jiwe. Leo hata wao wamehamia 28 na zaidi. Sababu inaeleweka: kwenye barabara isiyo laini, tairi ngumu inakurusha kwenye kila kijiwe, na nguvu uliyoitoa miguuni inapotelea kukutikisa. Tairi pana yenye upepo wa wastani inalimeza lile kwaruzo na wewe unaendelea mbele. Kwa mtu wa uzito wa kawaida, tairi ya milimita 35 inatosheka na upepo wa baa (kipimo cha shinikizo la upepo) 3 na nusu hivi, wakati ya 25 inadai karibu baa 6.

Kwa hiyo ukiwa dukani, inama. Soma maandishi ya ubavuni mwa tairi: 37-622 maana yake upana ni milimita 37, na 622 ni kipenyo cha pale tairi inapokalia rimu, yaani ile saizi iitwayo 700C. Kisha pitisha kidole kati ya tairi na fremu, nyuma na mbele. Kidole kikikwama, hutapata mahali pa kufunga madigadi wala tairi pana zaidi. Angalia na matundu ya skrubu karibu na ekseli ya nyuma, kwa ajili ya karia. Ukibeba kompyuta na nguo za kubadilisha mgongoni utafika kazini shati limelowa. Mizigo ikae kwenye karia, ubavuni mwa gurudumu.

Kuhusu gia, uliza ile nyepesi kuliko zote ni ipi. Meno 34 mbele na 34 nyuma yanakupeleka kama mita 2 kwa mzunguko mmoja wa pedeli, na kwa hiyo utapanda mlima na mzigo ukiwa umekaa. Gia kubwa mno za kukimbilia hutazigusa mara nyingi.

Breki nachagua za diski, kwa sababu ya mvua na kwa sababu breki za rimu huila rimu yenyewe taratibu. Za mafuta ni laini mkononi. Za waya fundi yeyote anazimudu. Anayekwenda mbali na mafundi achukue za waya. Springi za mbele sizipendekezi kabisa kwa barabara ya lami au changarawe: zinaongeza uzito, zinahitaji matunzo, na tairi pana imeshafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Fremu ya alumini au chuma, zote sawa tu. Kilo mbili za tofauti, ukizijumlisha na mwili wa kilo 70 na baiskeli yenyewe, hazifiki asilimia 3 ya unachosukuma.

Ukishapata inayokutosha, omba uiendeshe nusu saa, si kuzunguka duka mara moja. Nenda na begi lako la kazini, utafute kilima, ushuke ukishika breki, na ukirudi sikiliza shingo, viganja na magoti kabla hujataja bei.