Shusha Sauti, Mtahiniwa Anasoma

Kwanza nieleweke: mimi sijasajiliwa kufanya mtihani wa kidato cha nne. Sina namba ya mtahiniwa, sina dawati katika chumba chochote cha mtihani hapa Temeke, wala picha ya pasipoti sijapiga. Sasa niambieni, kwa nini tangu mwezi wa tisa nakonda mimi, halafu mwenye mtihani anaongezeka mashavu?

Nyumba yetu ya kupanga hapa Tandika tuna vyumba viwili na sebule, na sebule si yangu tena. Ni ya Mtahiniwa. Zamani alikuwa binti yangu, ukimwita anaitika "abee", ukimtuma dukani anakwenda, japo kwa kununa. Siku hizi ukitamka tu neno chumvi, mama yake anadakia: "Mwache mtoto asome!" Chumvi nafuata mimi. Maji nachota mimi. Juzi kuku wa jirani kaingia sebuleni, nikainuka kumfukuza, nikaambiwa nimfukuze bila kusema "shii".

Na mimi ni fundi cherehani, tena cherehani ya kukanyaga. Ipo barazani, chini ya dirisha la sebule. Mkanda wake umechoka, ukikanyaga unalia kwii, kwii, kwii. Mlio huo ndio uliomlea Mtahiniwa, ndio uliomnunulia madaftari anayoyakumbatia. Leo hii mlio huo unamvuruga. "Baba, nilikuwa katikati ya mzunguko wa naitrojeni, kwii yako imenirudisha mwanzo." Nikasema sawa, nitakanyaga polepole. Mama yake hakuridhika. Usiku nimelala, akachukua mafuta ya kupikia akaupaka ule mkanda wote, eti uache kulia. Asubuhi nakanyaga: gurudumu la chini linazunguka kwa raha zake, la juu halina habari. Mkanda unateleza tu. Mteja amekaa pale anasubiri gauni la kitchen party, mimi nafuta mkanda kwa majivu. Ni kweli haulii tena. Haushoni pia.

Mpira ndiyo msiba kabisa. Siku ya Simba na Yanga nilisikiliza kwa spika ya sikioni, na spika yenyewe inaongea upande mmoja. Goli likaingia. Timu yangu siitaji hapa, nisije nikapoteza nusu ya wateja. Sasa goli limeingia na kupiga kelele ni marufuku, ufanyeje? Nikatoka mbio hadi choo cha uani, nikafunga komeo, nikashangilia kimya kimya. Mpangaji mwenzangu alikuwa nje na kopo lake anasubiri zamu. Nilipotoka natweta, jasho linanitoka, uso unacheka, alinitazama kwa huruma akaniuliza kama nimeshajaribu mapapai.

Tuje kwenye ratiba. Kila mtahiniwa lazima awe na ratiba ya kujisomea, na ya kwangu, samahani, ya kwake, imebandikwa ukutani pale palipokuwa na kalenda yangu. Ina rangi nne. Bluu ni sayansi, kijani ni sanaa, nyekundu ni Hisabati, njano ni mapumziko. Aliichora wikiendi nzima kwa rula, akiharibu kidogo anaanza upya. Nikamuuliza, "Mwanangu, muda huo wa kuchora ratiba nao upo kwenye ratiba?" Nikaambiwa navunja watu moyo.

Ratiba inasema saa nane usiku ni kuamka kupiga msuli. Mlio wa kuamshia umewekwa kwenye simu yangu, kwa sababu yake haina chaji. Saa nane jogoo wa kwenye simu anawika. Naamka mimi. Anaamka mama yake. Anaamka mdogo wake, anauliza kama kumekucha. Anaamka mpangaji wa chumba cha pili, ambaye ni mlinzi na ndiyo kwanza anapumzika. Nyumba nzima iko macho, watu wanapiga miayo wakitazamana, isipokuwa mtu mmoja. Huyo ukimgusa anasema, "Bado dakika tano." Na hizo dakika tano zinaishia adhana ya alfajiri.

Akaletewa mbinu na mwenzake anayesoma bweni: ukitaka kukesha, tia miguu kwenye beseni la maji ya baridi, usingizi haukai. Tukampa beseni la kufulia. Nikachungulia saa tisa, namkuta kalala fofofo, shavu juu ya daftari la Kemia, miguu ndani ya maji. Kumbe mtoto wa Kitanzania ana uwezo wa kulala popote, ni dhambi tu kwamba hakuna somo hilo. Asubuhi kapata mafua. Shavuni amegonga muhuri wa wino, unasomeka kinyumenyume: asidi ya salfuriki.

Chakula nacho kina siasa yake. Mama yake kasikia samaki wanaongeza akili, basi tunakula samaki. Lakini wa kukaanga, yule mnene, ni wa Mtahiniwa. Sisi wengine, ambao akili zetu zimeshaonekana kuwa hazina tumaini, tunakula dagaa. Bibi yake alipokuja kutoka Rufiji akapiga marufuku mayai mpaka mitihani iishe, maana yai lina umbo la sifuri. Nilikuwa na trei nzima ndani. Nimekula mayai mimi mpaka nikaanza kuogopa matokeo yangu.

Halafu kuna wanaokuja kumtia moyo. Dada yangu wa Mbagala alikuja Jumapili na juisi ya ukwaju, akakaa, akakohoa, akaanza: "Shangazi yako nakuamini. Ila usiwe kama wale wa 2012." Mtoto macho yakamtoka. "Hukumbuki, ulikuwa mdogo. Matokeo yalitoka Februari 2013, zaidi ya nusu walipata sifuri. Zaidi ya nusu! Nchi ilitetemeka, Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Watu walilia. Haya, kunywa juisi." Juisi haikunyweka. Usiku ule Mtahiniwa alisoma hadi kweli saa nane, na mimi nilikaa naye, maana alisema anaogopa kukaa peke yake na kitabu.

Mimi katika hizo hesabu za matokeo nilikuwa sielewi kitu, nikaelekezwa. A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Wanachukua masomo saba uliyofanya vizuri, wanajumlisha. Ukiwa na 7 mpaka 17 ni daraja la kwanza; ukifika 34 au 35 ni sifuri, rudi nyumbani. Nikashangaa: kwenye ligi ukiwa na pointi 35 kwa mechi saba si wanakujengea sanamu? Yaani hapa anayekusanya kidogo ndiye bingwa. Nikamwambia binti yangu basi usihangaike, wewe kusanya kidogo kidogo. Akaenda kumshtakia mama yake.

Na nikiri, nilikuwa na matumaini yangu ya pembeni. Zamani matokeo yakitoka wanatangaza kumi bora, halafu waandishi wanakimbilia nyumbani kwa mtoto, unamwona baba mtu kwenye runinga, analia, anasema siri ni nidhamu. Mimi nikajishonea kaunda suti ya kijivu, mifuko minne, kwa ajili ya kuhojiwa. Mama yake akauliza, "Kumi bora kwa mtoto yupi?" Nikasema Mungu mkubwa. Kumbe Baraza la Mitihani liliacha mambo ya kumi bora tangu Januari 2023. Kaunda suti ipo kabatini. Sasa hata akiongoza nchi nzima, mimi nitalilia wapi?

Ila kitu kilichonimaliza ni mahafali. Nisaidieni wenzangu mlioenda shule: inakuwaje mtu anahitimu mwezi wa kumi, halafu mtihani anafanya mwezi wa kumi na moja? Umeona wapi harusi inafungwa, keki inaliwa, ndipo posa inapelekwa? Lakini ndivyo tunavyofanya nchi nzima, na ukihoji unaambiwa wewe mzazi huna ushirikiano. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na mimi nashukuru kwa dhati. Ada hakuna. Kuna mchango wa mahafali, kuna fulana ya mahafali, kuna picha, kuna keki ya umbo la kitabu kilichofunguliwa, kuna yale maua ya kumeremeta ya kumvalisha shingoni. Shangazi kamvalisha, bibi kamvalisha, majirani wamemvalisha, ikawa kinachoonekana ni pua. Mgeni rasmi alipangwa saa nne, kafika saa nane, wahitimu wamesharoa jasho, akasema kwa ufupi ataongea mambo manane. La kwanza: muda ni mali.

Faida niliyopata mahafali yale ni kushona sare za kina mama. Nusu walilipa. Nusu nyingine wananiambia wana mtahiniwa ndani, hawana hela. Na mimi nina nani ndani, jini?

Baada ya mahafali ndipo diskasheni zikahamia kwangu. Wanakuja watano, wanasalimia vizuri, "shikamoo baba", wanaingia sebuleni, na ugali wangu wa kesho unaingia hatarini. Nimekaa chini ya dirisha na mkanda wangu wa majivu, nasikia kila kitu. Kuna kipanga mmoja haongei, anapiga hesabu tu. Kuna mmoja kazi yake ni kubeba desa. Ana makaratasi ya shule kumi tofauti, hajasoma hata moja, lakini amani anayo. Na kuna kijana mwenye sauti nzito, huyo ni mtabiri. "Hii topiki mwaka jana ilikuja, mwaka huu haiji. Hii haijaja muda mrefu, hii lazima." Ameandika mkeka mzima wa maswali, mechi zote. Nikasikia binti yangu anauliza, "Na zisipokuja?" Kimya. Halafu mtabiri akasema, "Tutakata rufaa."

Bora hao wanaotabiri. Kuna kijana mtaa wa pili alinunua "pepa lililovuja" kwa mtu wa kwenye simu. Katuma hela, kaletewa maswali, kakesha nayo siku kadhaa, mpaka mwalimu wa tuisheni alipomwonyesha kuwa ni mtihani wa miaka ya nyuma umefutwa mwaka. Na angelipata la kweli akakamatwa, ni kufutiwa matokeo yote. Baba yake alitaka kwenda polisi. Nikamuuliza, unakwenda kushtaki nini, kwamba mwanao kauziwa wizi usio wa kweli?

Usiku mmoja nikamkuta Mtahiniwa analia juu ya Hisabati. Hisabati ndiyo inayowaangusha wengi, na yeye anajua, maana shangazi alimwambia. Ilikuwa duara: umepewa mzingo 28, tafuta nusu kipenyo. Nikacheka. Nikamwambia huu si mzingo, hiki ni kiuno. Mteja mwenye kiuno cha inchi 28 akitaka sketi ya duara, unagawa kwa sita, unapunguza robo inchi, unashika chaki, unakata. Inchi nne na nusu kasoro kidogo. Akafuta machozi, akapiga kwa 22 kwa 7, karatasi nzima, akapata 4.45. Akanitazama. Nikatikisa miguu pale, najisikia profesa.

"Njia iko wapi, Baba?"

"Njia ya wapi?"

"Lazima uonyeshe njia. Njia ndiyo yenye alama."

Nimeshona sketi za duara tangu hajazaliwa, hajatokea mwanamke hata mmoja aliyegeuza pindo akaniuliza njia iko wapi. Lakini akaendelea na swali la pili bila kulia, akatafuta eneo, kisha akaniuliza kitambaa kinapotea kiasi gani ukikata duara ndani ya mraba. Hilo nililijibu kwa uchungu, maana kitambaa kinachopotea huwa ni changu.

Siku ya kwanza ya mtihani ikafika. Kalamu zilikuwa zimesomewa dua na ustadhi, na jirani yetu mama mchungaji akaziombea pia, nikasema hakuna ubaya, hata wino una dini zote. Moja ikagoma kuandika. Usafiri nililipa bodaboda kwenda na kurudi, mama yake alisimama mlangoni mpaka vumbi likaisha, na mimi nikapata nafasi ya kukanyaga cherehani kwa nguvu zangu zote, kwii, kwii, kwii, mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Jioni karudi. Tumemsubiri wote barazani, samaki kashakaangwa. Nikasogeza kigoda, nikavua miwani, nikamuuliza, "Enhe, mtihani umeuonaje?"

"Kawaida."

Akaingia ndani.

Miezi mitatu ya dagaa! Mkanda umeharibika, sebule imekwenda, nimeshangilia chooni, naletewa "kawaida"? Kawaida ni daraja la ngapi? Ina pointi ngapi? Nikainuka nimuulize vizuri, mama yake akanishika shati akanirudisha kwenye kigoda.

"Punguza sauti, Baba. Mtoto amejilaza kidogo. Kesho ana Jiografia."